Kitabu Kilichoanza na Msiba

Neema na Idrisa, mlipokuja nyumbani kunitaka niandike habari za kazi, mlizungukazunguka sana kabla ya kusema. Chai ikaisha, mkaongezewa, bado mnasifia kabichi zangu. Najua kilichowasumbua. Mlikuwa mnajiuliza kama bibi aliyeishia darasa la nne ataweza. Ataweza. Vitabu mlivyosomea shuleni, vingine vilipita katika vidole hivi herufi mojamoja, kwa hiyo kalamu hainitishi. Ila sitaandika nilipandishwa lini wala nani alinipongeza siku ya kuniaga. Hayo hayawafundishi kitu. Nitaandika kazi yenyewe, na zaidi kitabu kimoja, ambacho mpaka leo nikikikumbuka mwili unanisisimka.

Niliingia kiwanda cha kupiga chapa vitabu kama mfagizi. Kiwanda kilikuwa palepale mlipo sasa, hapa Lushoto, ila badala ya kompyuta zenu kulikuwa na makasha ya mbao ukutani na mashine moja kubwa iliyokuwa ikitikisa vioo vya madirisha. Msimamizi wetu alikuwa Fundi Elieza, mtu mfupi wa Mlalo, mzee wa kanisa, aliyevaa aproni iliyoshiba wino hata hakuna aliyejua ilizaliwa na rangi gani. Siku hiyo ya kwanza nilikuta herufi za madini ya risasi kwenye takataka, nikaona ni dhambi kuzitupa. Nikazipanga juu ya dirisha, zinazofanana pamoja.

Fundi akasimama nyuma yangu. "Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Naona zinafanana."

"Zimegeuka, na wewe umeziona zinafanana?"

"Kwani mtu akigeuka huwezi kumjua?"

Akanitazama kitambo. "Weka ufagio chini, Ester."

Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Ninyi mlileta vyeti vya kujaza meza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila herufi ni kipande kidogo cha risasi, kina kichumba chake katika kasha. Mkono wa kushoto unashika kibao cha chuma tulichokiita stiki. Mkono wa kulia unaokota herufi na kuipanga, kichwa chini miguu juu, mpaka mstari ujae. Mistari ikitosha unaihamishia kwenye trei, unaifunga kwa kamba, ukurasa unakwenda mashineni. Ukishapigwa chapa unauosha kwa mafuta ya taa, unaubomoa, unarudisha kila herufi chumbani kwake. Neema, wewe ukikosea unabonyeza kitufe. Mimi trei ikiniponyoka nilikuwa nashinda magotini sakafuni, naokota ukurasa mzima kama mtu aliyemwaga mchele.

Tena kulikuwa na shida moja, na habari yangu yote imesimama juu yake, kwa hiyo isikilizeni vizuri. Herufi zile zilitoka Ulaya, na waliozifungasha walihesabu kwa lugha yao. Walituletea x na q za kutosha kujengea ukuta, lakini k, w na a walitupatia kwa kubania. Na Kiswahili chetu kinavyokula k! Kwa hiyo hatukuweza kupanga kitabu kizima. Tulipanga sura mbili tatu, k zikaisha, tukapiga chapa, tukabomoa, ndipo tukapata za kuendelea. Kurasa zikishabomolewa hakuna kurudi nyuma.

Sheria ya kwanza ya Fundi Elieza ilikuwa kwamba mpanga herufi hasomi, anaokota. "Ukianza kufuata hadithi," alisema, "vidole vinalala." Niliitii. Nilipanga riwaya, nikapanga nyimbo za kanisa, nikapanga mwongozo wa fasihi wa sekondari, na vyote kwangu vilikuwa risasi. Neno taharuki nilikuwa nimelipanga mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe, nisijue ni ugonjwa au ni mboga. Tashbihi, sitiari, kinaya, nilizijua kwa urefu wake tu. Sitiari nyembamba, inakaa vizuri mwisho wa mstari. Mbinu rejeshi inasumbua kuikata.

Ndipo akaja Mwalimu Salehe.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa Vuga, Mwislamu mtulivu mwenye kofia safi, aliyekuja na kikapu kama anatoka sokoni Soni. Ndani hakukuwa na mboga. Kulikuwa na kitabu alichokiandika mwenyewe, kila sura imefungwa peke yake kwa ukamba wa mgomba. Alikuwa na presha ya macho. Alisema anaiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu linaendelea kuzibwa. Maandishi yake yalikuwa makubwa kama ya mtoto, maana hakuweza kuona madogo.

"Fundi," alimwambia Elieza, "hii ni habari ya mdogo wangu Hoza. Mama yangu hajui kusoma. Nataka asomewe angali hai, na mimi niwe bado nauona uso wake anaposikiliza. Sina haja nyingine na kitabu hiki."

Fundi alikuwa mkali lakini hakuwa na moyo wa jiwe. Akakitanguliza mbele ya vitabu vingine. Akakaa na vile vifurushi, akavifungua, akaguna. Sikujua anaguna nini. Akanipa kifurushi cha kwanza, nikaanza kuokota. Akanipa cha pili. K zikaisha, tukapiga zile karatasi za kusahihishia, yaani prufu, tukamwita Mwalimu.

Desturi yetu ilikuwa kwamba aliyepanga anasoma prufu kwa sauti, mwandishi anafuata kwenye mwandiko wake. Mwalimu alishika karatasi zake magotini, lakini nilijua anafuata kwa masikio. Nikasoma jinsi Hoza alivyozaliwa wakati wa vuli, mvua ikivuja kitandani. Nikasoma alivyokwea mpeasi wa misheni kuiba matunda akakwama juu, akaona aibu kuita msaada, akaanza kuimba ili watu wadhani amepanda kwa starehe. Fundi Elieza alicheka mpaka akajifuta macho na kile kitambaa cha wino, akabaki na uso kama wa fisi.

Mwalimu hakucheka. Akanyanyua mkono. "Binti, huo si mwanzo."

"Ndio mwanzo, Mwalimu. Ukurasa wa kwanza."

"Kifo kiko wapi?"

Mimi nikamtazama Fundi. Fundi akakohoa. "Mwalimu, samahani, hapo nilikusaidia. Ulikuwa umechanganya. Mtu amekufa sura ya kwanza, sura ya tatu yuko juu ya mti anaimba. Nikasema, mzee wa watu, macho hayaoni, vifurushi vimemgeukia. Nimekunyooshea. Azaliwe kwanza, afe baadaye."

"Sikuchanganya, Fundi."

"Mtu hazaliwi baada ya kufa, Mwalimu. Hata Biblia inaanza na Mwanzo."

Mwalimu akatabasamu. "Fundi Elieza, ukiitwa msibani, unasikia nini kwanza?"

"Nasikia fulani amekufa."

"Hawaanzi na kuzaliwa kwake?"

"Ah! Nani atakaa kusikiliza?"

"Na mkishakaa kwenye mkeka, mmeshalia, mnazungumza nini?"

Fundi akafikiri. "Tunazungumza mambo yake. Alikuwa mtundu, alifanya hivi, alisema vile."

"Na mnacheka?"

"Tunacheka. Lakini huko ni msibani, Mwalimu. Hiki ni kitabu."

Mwalimu hakubishana tena. Alipapasa kikapuni, akatoa kifurushi ambacho Fundi alikuwa amekirudisha humo kisubiri mwisho. Akanipa mkononi. "Soma hiki kwanza. Kisha usome tena ile ya mpeasi."

Nilisoma nikiwa nimesimama. Kilianza hivi: "Mlima ulimchukua Hoza saa za chai, na chai yake ikapoa mezani."

"Mlima hauchukui mtu," akasema Fundi. "Udongo uliporomoka."

"Mwache asome," akasema Mwalimu.

Basi nikasoma jinsi Hoza alivyokuwa akichimba mfereji wa maji shambani, mvua imenyesha wiki nzima, na ngema ya udongo ikashuka. Jinsi watu walivyochimba kwa majembe, kisha kwa mikono kwa kuogopa majembe. Jinsi mama yake alivyokiangalia kile kikombe, akakataa kisioshwe. Nilipomaliza nikachukua prufu nikaanza tena ile habari ya mpeasi, kijana yuko juu ya mti, ameshika tawi, anaimba.

Neema, Idrisa, nisikilizeni. Maneno yalikuwa yaleyale. Nilikuwa nimeyapanga mwenyewe, k mojamoja, na hakuna hata nukta iliyosogezwa. Lakini sasa yule kijana alipoimba juu ya mti, nilipoteza mstari, nikauanza upya. Mtu wa mashineni alikuwa amezima mashine, sijui saa ngapi. Hakuna aliyecheka. Fundi Elieza alikuwa ameshika ukingo wa kasha kwa mikono miwili. Hoza yuko juu pale anatafuta namna ya kushuka bila kuchekwa, na sisi sote chumba kizima tunajua mfereji unamngoja, yeye peke yake hajui. Nilitamani kumwambia aendelee kukaa kwenye huo mti.

Nilikuwa nimefanya kazi ile miaka, nikijiona bingwa. Siku hiyo ndiyo niliyojua nilikuwa nashika nini mkononi. Nilitazama zile trei za risasi nikaziogopa.

Fundi ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ya kanisani. "Hii inaitwaje?"

"Kule kurudi nyuma tunaita mbinu rejeshi," akasema Mwalimu. "Hilo la sisi kujua na yeye kutojua, ni kinaya. Na mlima kuchukua kama wenye mikono, hiyo ni tashihisi."

"Kinaya nimewahi kulipanga," nikasema.

"Ukadhani ni nini?"

"Nikadhani ni kitu cha kufelisha watoto."

Mwalimu akacheka, kicheko chake cha kwanza siku ile. Lakini Fundi hakucheka, maana yeye alikuwa ameshaona mbali kuliko sisi.

"Mwalimu," akasema, "sikia. Herufi zetu zote zimo kwenye kurasa hizi, na zikishapigwa na kukunjwa kuanzia hapa siwezi kupachika sura nyingine mbele yake. Kupata za kupanga kifo lazima nibomoe utoto, bila kuupiga chapa. Nikibomoa, zamu yako imepita. Nyimbo za kanisa zinaingia mashineni, na hazitoki mpaka baada ya Pasaka. Tukienda hivihivi, kitabu unacho mapema, na mama yako utamwona anavyosikiliza. Daktari amekwambiaje?"

"Hakuniahidi Pasaka."

Nje kulikuwa na ukungu, naukumbuka ulivyokuwa umeegemea vioo. Nilitaka kumwambia akubali. Nilitaka pia asikubali. Na kusema kweli, nilizihurumia pia kurasa zangu, maana zilikuwa zimenyooka kama mistari ya mahindi katika shamba la kampuni.

"Uso wake ni haja yangu mimi," akasema Mwalimu taratibu. "Nikikipeleka kimenyooshwa, mimi nitamwona, lakini yeye atakuwa anasikia kitabu gani? Kibomoe, Fundi."

Fundi hakumpa mtu mwingine kazi ile. Alikuja upande wa pili wa kasha langu, tukakata kamba, tukaanza kurudisha. Ukibomoa ukurasa uliokwisha kupigwa chapa unajua nakala iko duniani. Huu haukuwa na nakala zaidi ya ile prufu. Tulirudisha k, tukarudisha a, tukarudisha mpeasi wote. Fundi alifanya kazi kimya, akanong'ona mara moja tu, kama anajisemea, "Nilimnyooshea mtu msiba wake." Asubuhi iliyofuata akanipa kifurushi cha kifo, nami nikaanza: M, l, i, m, a.

Nyimbo za kanisa zilipoingia, sisi tulikipanga kile kitabu kwa kuibia herufi pale zilipobaki. Nyimbo nazo zinakula a, kila ubeti haleluya. Kila Jumamosi nilishuka kwa basi hadi Soni, nikapanda kwa miguu hadi Vuga kumsomea Mwalimu prufu barazani kwake. Hiyo ndiyo sekondari yangu, na sijaona mtu aliyesoma bora kunishinda. Nilisoma, yeye alinisimamisha.

"Hapo umesikia nini?"

"Nimesikia unasema tena neno mfereji. Ulilisema na Jumamosi iliyopita."

"Kwa nini nalirudia?"

"Umesahau kwamba umeshalisema."

"Aa! Ester!" Akapiga goti lake. "Wewe ukimwita mtoto mara tatu, umesahau kwamba umemwita?"

Hapo nikaelewa takriri, na sijaihitaji kamusi tangu hapo. Taharuki aliniambia ni kile kilichonifanya siku moja niache chai yangu ipoe ili nimalize ukurasa. Sitiari ilinichukua muda zaidi. Tashbihi ni rahisi, ina "kama" yake mlangoni, inakupisha. Sitiari haina mlango, inaingia tu ndani na kukaa. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba nyumba yao ilikuwa kiatu cha mguu mmoja baada ya Hoza. Nilikaa na sentensi hiyo njia nzima ya kurudi, basi linakata kona za korongo, na mimi naitazama kila nyumba ng'ambo ya pili. Hakuna aliyesema ni kama kiatu. Ilikuwa kiatu.

Kwa hiyo, Idrisa, mteja akikuletea kazi ukaona imegeuka, muulize kwanza kabla ya kuinyoosha. Na neno likirudiwa usikimbilie kulifuta kwa sababu kompyuta imelichorea mstari mwekundu. Kompyuta haijawahi kumwita mtoto.

Kitabu kilitoka Pasaka ikiwa imepita, mvua kubwa zimeanza. Nilikipeleka Vuga mwenyewe, nimekifunga kwa nailoni ndani ya kanga. Mwalimu alinipokea mlangoni. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaitikia, "Marahaba," akaitazama nguzo ya mlango badala yangu, nikajua. Tundu la ufunguo lilikuwa limekwisha kuzibwa. Alipokea kitabu, akapitisha kidole kwenye ukurasa wa kwanza pale herufi zilipobonyea karatasi.

Mama yake alikuwa amekaa jikoni karibu na moto, mwanamke mdogo kabisa, mkavu, macho makali. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Wewe ndiye uliyeniletea Hoza? Kaa hapa, mwanangu, usikae mbali, masikio yangu hayapandi mlima."

Nilianza na sura ya kwanza. Nilipofika kwenye chai iliyopoa nikasita, nikamtazama.

"Hilo tunalijua," akasema. "Endelea."

Kitabu hakisomwi siku moja. Nililala kwao, tukasoma asubuhi, tukasoma baada ya kula, yeye akimenya maharage huku anasikiliza. Mara nyingine alinikatiza, "Si kweli, hakuiba mapeasi saba, aliiba mengi!" Mwalimu alikaa upande wa pili wa moto, uso ameuelekeza kwa mama yake, wala hakuona kitu.

Sasa, sura ya mwisho. Nilikuwa nimeipanga kwa vidole vyangu, na prufu yake nilikuwa nimeisoma peke yangu kiwandani, kwa haraka, kutafuta makosa, kwa hiyo sikuwa nimeiona. Ni asubuhi ileile ya mfereji. Hoza anaamka amechelewa, anatafuta jembe, anachukua kiporo cha bada, ule ugali wa muhogo, anatoka nje huku bado anatafuna. Baridi inaingia ndani. Mama anapiga kelele, "Hoza! Funga mlango!" Naye kutoka njiani, bila kugeuka, anajibu, "Nitafunga nikirudi!"

Kitabu kinaishia hapo.

Niligeuza karatasi kutafuta mengine, na mimi ndiye niliyejua kuliko wote kwamba hakuna mengine. Ndipo nikauona ujenzi wake wote kwa mara moja, kama mtu aliyetembea kwenye ukungu kutwa nzima, ukanyanyuka, akakuta amesimama ukingoni na mji wote wa Mombo uko bondeni chini yake. Kifo tulikuwa tumekiacha nyuma kabisa, sura ya kwanza. Hapa mwisho mtoto wa huyu bibi alikuwa hai, yuko njiani, mdomo umejaa chakula. Fundi angekinyoosha, ningekuwa nimemsomea mama wa watu maiti ya mwanawe na kufunga kitabu.

Nikasikia Mwalimu anahema.

"Ester," akaniambia kwa sauti ndogo. "Uso wake ukoje?"

Nikamtazama yule bibi. Maharage yalikuwa yamesimama mikononi mwake. Alikuwa ameugeukia mlango, ambao ulikuwa wazi kweli, baridi ya Vuga inaingia. Nilitafuta "kama" ya kumpa Mwalimu, baada ya Jumamosi zote zile. Sikuipata hata moja.

"Mwalimu," nikasema, "anacheka."